Mwiteni Kimya Achague Rangi

Mimi si mtu wa kuishiwa maneno. Ni msusi, na msusi asiye na maneno bora afunge saluni akalale. Lakini siku ile, mbele ya Bi Wino, niliulizwa swali jepesi nikabaki mdomo wazi.

"Rangi yake ilikuwaje?"

Tuelewane kwanza. Matiti yangu yote mawili yaliondolewa kwa sababu ya saratani. Baadaye daktari akanitengenezea mengine kwa nyama ya tumboni mwangu mwenyewe, na Mungu ampe maisha marefu yule mama, kazi aliijua. Kitambi nilichopigana nacho tangu uzazi wa kwanza kikapandishwa cheo! Kilichobaki ni chuchu. Pale pahali palikuwa ngozi tupu na mshono uliopita katikati, basi. Daktari ndiye aliyenielekeza kwa Bi Wino, fundi wa tatuu anayechora chuchu na lile duara lake kwa wino, akiweka kivuli hapa na mwanga pale, mpaka ukitazama unaapa imetokeza.

"Hiyo ndiyo hatua ya mwisho," daktari alisema. "Ukitoka huko tumemalizana."

Hatua hiyo niliitaka kwa sababu moja, na naisema bila haya: nilitaka mume wangu anitazame tena. Tangu nirudi kutoka hospitali baada ya upasuaji wa kwanza, nikivua nguo anageukia ukutani. Nikitoka kuoga, anakumbuka kuna kitu amesahau jikoni. Vyombo ananioshea, dawa ananiletea, mgongo ananikanda juu ya nguo, lakini macho yake hapana. Nikajua nimemchusha. Kwa hasira nikageuza hata kioo cha chumbani, tukawa watatu tunaotazama ukuta: yeye, mimi na kioo.

Mume wangu ni fundi wa friji. Mtaani wanamwita Kimya, na hawajatia chumvi.

Kwa Bi Wino nilisindikizwa na wifi yangu, dada yake Kimya. Huyo naye mdomo wake hauna breki, sijui walizaliwaje tumbo moja. Chumba kilikuwa kidogo, cheupe, kinanukia spiriti, na kitanda kimetandikwa karatasi. Bi Wino alinisimamisha mbele ya kioo kirefu, akapima kwa utepe kuanzia kooni, akachora maduara mawili kwa kalamu. Akarudi nyuma. Akakunja uso, akafuta yote, akaanza upya. Nilimpenda papo hapo. Anayefuta kazi yake mwenyewe bila kuambiwa, huyo ni fundi.

Ndipo akauliza rangi.

"Kwa kawaida naangalia titi lililobaki, nalinganisha," alisema. "Kwako hakuna la kulinganisha. Picha huna?"

"Picha ya chuchu? Nani anapiga picha chuchu zake?"

"Ungewajua ungeshangaa."

Nikafikiri. Nikafikiri tena. Mimi huyu, ambaye mteja akirudi baada ya mwaka namwambia rangi ya nywele aliyoondoka nayo, sikukumbuka ya chuchu zangu. Nimekaa nazo umri wote, nimenyonyesha watoto, na sikuwahi kuzitazama sawasawa. Machozi yakanilengalenga, na mimi machozi yakinijia huwa yanakuja na hasira.

"Weka yoyote," nikasema. "Weka kijani!"

Wifi akaanza kufungua vifungo vya blauzi. "Msigombane. Achukue sampuli kwangu."

"Wewe ni ndugu wa mume wangu! Mimi na wewe tunafanana nini?"

"Si nasaidia tu?"

"Funga vifungo, wifi."

Bi Wino alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Wifi akafunga kifungo cha mwisho taratibu, akaniangalia kwa jicho la uchokozi. "Yupo mmoja anayejua."

"Usithubutu."

Simu ilikuwa tayari sikioni. "Kaka, njoo hapa kwa fundi wa tatuu sasa hivi. Hapana, hajafa. Wewe njoo."

Kimya akaja na nguo zake za kazi, bisibisi mfukoni. Nilikuwa nimejifunika shuka mpaka kidevuni. Alisimama mlangoni, macho kwenye vigae. Bi Wino akamweleza shida yetu, akampa kadi iliyopakwa rangi za kahawia, kuanzia ya chai yenye maziwa mengi hadi ya kahawa nzito. Nilingoja aseme hajui, ili nijue moja.

Alijifuta mikono kwenye suruali, akaipeleka kadi dirishani kwenye mwanga.

"Hii," alisema. "Hapana. Hii ni kabla ya watoto. Baada ya watoto ikawa hii." Akasogeza kidole. "Duara la kushoto lilikuwa pana zaidi kidogo. Na chini yake kulikuwa na kidoa, kama punje ya ufuta."

Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mkupuo, hata siku ya harusi. Wifi naye, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alinyamaza.

Bi Wino akachanganya wino, akanipaka tone moja chini ya shuka. "Karatasi hudanganya," akamwambia Kimya. "Njoo uione kwenye ngozi."

Kimya hakuinua macho. "Hajaniruhusu."

"Nani hajakuruhusu?" nikafoka.

"Wewe. Siku uliyorudi kutoka hospitali. Nilitaka kukusaidia kubadili nguo, ukasema nisikutazame mpaka uniambie. Bado hujaniambia."

Jamani! Siku ile mirija ya kutolea maji ya kidonda ilikuwa inaning'inia mbavuni, nina maumivu hata ya kupumua. Nilimfokea kila mtu, nikaufokea na uji. Maneno yale yalinitoka yakapita, sikuyakumbuka tena. Yeye akayaokota akayatunza. Muda wote ule mwanamume wa watu alikuwa anatazama ukuta kwa kunitii, na mimi nalia nikidhani ananikimbia.

"Basi nakuambia," nikasema. "Nitazame."

Nikaliachia shuka.

Alinitazama, wala hakuwa na haraka. Kisha akamgeukia Bi Wino, machozi yanamshuka bila kuyafuta. "Ongeza wekundu kidogo," akasema.

Sindano sikuisikia sana, ngozi ile imepoteza hisia. Nilichosikia ni mkono wa Kimya, mgumu, unanuka grisi, umenishika muda wote. Nilipoinuliwa mbele ya kioo nilijiona. Yote mawili yalikuwepo, la kushoto pana kidogo, na punje ya ufuta chini yake. Nilimshukuru Bi Wino mpaka akaniomba ninyamaze. Nikamshukuru daktari ambaye hakuwepo. Nikamshukuru hata wifi, na hilo atalitangaza mpaka kaburini.

Tulipofika nyumbani Kimya alikigeuza kioo bila kuambiwa. Asubuhi yake nilikuwa nabadili nguo mlango ukiwa wazi, akapita, akasimama. Jikoni alikuwa ameacha maji ya chai motoni. Tuliyasikia sote wawili yakichemka, yakasukuma kifuniko, yakamwagikia jiko. Hakwenda.