Mke Upande wa Matumizi

Mume wangu ni fundi wa lifti, na hapandi kitu kabla ya kujua kinabeba kilo ngapi. Alipopata kazi nchi ya nje, hakurukaruka kwa furaha kama watu wengine. Alinunua daftari la hesabu. Wiki nzima akawa anampigia simu dada yake, anayeishi huko, kumuuliza bei: kodi ya nyumba, mkate, sabuni, nauli, hadi kunyoa ndevu. Bei za huku akaziandika kushoto, za huko kulia. Mimi nacheka tu, nashona zangu sare za shule.

Jumamosi akaniita mezani na sura ya msiba. Akanieleza taratibu kwamba mshahara wa huko ni mnono, ila kodi inaula nusu. Akienda peke yake, akapanga chumba na wenzake, pesa itabaki. Tukienda watatu, tutakula hewa. Kwa hiyo atangulie, mimi na binti yetu tubaki kwanza miaka miwili.

Miaka miwili! Mtoto mwenyewe ana minne. Moyo ulinishuka hadi kwenye kandambili. Nikalivuta lile daftari nijionee, na hapo ndipo damu ikanichemka. Upande wa matumizi, chini ya gesi na juu ya umeme, mwanamume ameandika: mke.

Nilimwambia maneno ambayo sitayarudia hapa. Miaka tisa cherehani yangu inalipa kodi ya nyumba hii, leo nimewekwa kati ya gesi na umeme? Akajitetea kwamba hajui ushonaji huko unalipaje. Hajui kwa sababu hakuuliza! Bei ya kunyoa ndevu anaijua.

Nikampigia wifi yangu mwenyewe. Hata salamu zilikuwa za juu juu.

"Wifi, kupunguza suruali huko ni pesa ngapi?"

Akataja. Nikamwomba arudie, kaka yake asikie kwa masikio yake. Kupunguza suruali moja kulizidi gauni zima ninaloshona hapa, tena kitambaa juu yangu. Wifi akaongeza kwamba ana suruali kumi na moja kabatini, zote ndefu, anasubiri likizo aniletee. Majirani zake nao wanalia kilio hicho hicho.

Fundi wangu akachukua kalamu. Akakata, akaandika, akakata tena, midomo ikimchezacheza. Baada ya nusu saa akafunga daftari, akakiri kwamba alikosea, na kwamba tunakwenda wote. Nilitaka kuendelea kununa nikashindwa, furaha ilinizidi.

Kasheshe ikabaki kwenye mizigo. Kila abiria kilo ishirini na tatu, na cherehani peke yake ina kumi na tisa. Siku ya kufungasha nilimkuta amepiga magoti sebuleni, anatoa mashati yake kwenye sanduku moja baada ya jingine, anaiviringishia cherehani taulo.

"Sasa huko utavaa nini?" nikamuuliza.

"Utanishonea," akasema, bila kuinua kichwa.