Nusu Wati

"Rudisha nguvu chini, Tumpale. Sisemi tena."

"Umeshasema mara nne, mama."

"Basi hii ya tano. Rudisha!"

Tulikuwa nje ya zizi la Nyanzobe, kijijini Msangano, saa mbili asubuhi, mimi na binti yangu tunagombania kifaa chenye ukubwa wa pasi. Kinasoma hereni za kielektroniki tulizowavalisha ng'ombe wiki iliyotangulia. Unakielekeza kwenye sikio, kinalia, namba ya ng'ombe inaingia kwenye simu chini ya jina la mwenye mali. Kwa kuwa kinarusha mawimbi ya redio, kina kibali, na kibali kina kikomo: nusu wati. Jina lililoandikwa kwenye kibali ni langu, Tupokigwe, mwenye stashahada ya afya ya mifugo. Binti yangu alikuwa amempata fundi mmoja Nakonde, ng'ambo ya mpaka, akamfungulia kikomo hicho kwa programu yake. Sasa kifaa kilikuwa kwenye wati mbili.

"Zinamdhuru nani?" Tumpale aliuliza. "Nimesimama hapa hapa kwenye uzio, nimemaliza zizi zima kwa dakika tatu."

"Ndiyo maana nagomba. Unatakiwa usimame hatua mbili kutoka kwa ng'ombe. Wewe uko kumi na tano! Mawimbi hayo yanaingia kwenye mawasiliano ya watu wengine. Kibali kikifutwa, kazi imekwisha, unarudi Tunduma kuuza vocha."

Nyanzobe alikuwa anakamua karibu na mlango wa zizi. Hakugeuka.

"Nyie wawili, mkimaliza kupigana mnisomee ng'ombe wangu."

Kwa Nyanzobe idadi ya ng'ombe haitamkwi, ni mwiko. Marehemu mume wake hakuitamka, na baba mkwe wake hakuitamka. Mashine yetu aliikubali kwa sababu, alisema, haina mdomo. Kwa hiyo hatukumtajia jumla. Siku ya kuvalisha hereni tuliandika rangi ya kila ng'ombe, na sasa nikawa namsomea rangi kutoka kwenye simu.

"Mwekundu, paji jeupe."

"Wangu."

"Wa kijivu, pembe moja imekatika."

"Wangu. Mkorofi huyo."

"Dume jeusi, mkia mweupe."

Nyanzobe akaacha kukamua.

"Sina dume jeusi, Mama Tumpale. Huyo ni wa shemeji yangu Severini." Akanyoosha kidevu kuelekea zizi la pili, nyuma ya uzio wa miiba. "Amehamia kwangu lini?"

Nikasoma anayefuata, na wa baada yake. Wote wa Severini. Nguvu ile ilikuwa imepita uzio wa miiba na kuwasoma ng'ombe wa jirani, tukawaandika kwa jina la mjane huyu. Kama tungetaja idadi kwa sauti, kosa lingejulikana papo hapo. Hatukutaja.

"Marehemu alihangaika miaka thelathini kuongeza kundi," Nyanzobe alisema. "Kumbe angemwoa binti yako tu." Alicheka, kisha akaacha. "Lakini mimi na Severini tumepatanishwa juzi tu kwenye ugomvi wa mirathi. Akiiona orodha hiyo, patachimbika. Kama kazi imewashinda, semeni, nimtafute mwingine."

Nilimgeukia Tumpale nikiwa na maneno yangu tayari. Ndipo nikaona mkono wake wa kushoto. Ulikuwa ndani ya sweta, na jua lilishakuwa kali.

Mwaka jana ng'ombe alimbana mkono huo kwa kichwa kwenye chuma cha kibanio, kile kichochoro cha kumzuia ng'ombe asitembee, vidole viwili vikavunjika. Aliniambia vimepona. Niliviangalia, vimepona kweli, nikaona habari imeisha.

"Tumpale, kwa nini umesimama mbali hivi?"

"Si nimekwambia, ni haraka."

"Nakuuliza mimi mama yako, si mwenye kibali."

Akatazama buti zake.

"Nikisikia mlango wa kibanio unagonga, naona vidole vyangu vimo humo tena. Kila asubuhi naomba mvua inyeshe tuahirishe. Nikaona nikipandisha nguvu nitafanya kazi bila kuwakaribia, na wewe hutajua."

"Ungeniambia."

"Ungesema nikaze moyo."

Ningesema. Hata neno lenyewe lilikuwa limeshafika mdomoni. Nikalimeza, nikauvuta mkono wake kutoka kwenye sweta, nikaushika.

"Unaitaka kazi hii au huitaki? Kama huitaki, tunapanda pikipiki sasa hivi, na sinuni."

"Hununi, wewe?"

"Nitanuna siku mbili. Ya tatu nitapika."

Alicheka, na machozi yakamtoka hapo hapo.

"Naitaka, mama. Ninachoogopa ni kichwa cha ng'ombe."

"Basi kichwa nakishika mimi, sikio ni lako. Hatua mbili, na mimi niko katikati."

Sikungoja ajibu. Nilifuta orodha yote kwenye simu, ng'ombe wa Nyanzobe pamoja na wa Severini, nikamwonyesha Nyanzobe kioo kitupu. Kifaa nilimpa Tumpale. Alikirudisha kwenye nusu wati kwa mkono wake, akaiondoa na programu ya yule fundi. Kisha nikafungua lango, tukaingia zizini.

Nyanzobe alimswaga mtamba wa kwanza kwenye kibanio. Mlango wa chuma ukagonga. Tumpale akashtuka, lakini hakurudi nyuma. Niliweka kichwa cha mtamba kwapani, nikambana pua kwa vidole.

"Njoo."

Akaja hatua moja. Akasimama, akapumua, akaja ya pili. Kifaa kililigonga bega langu kabla ya kufika sikioni. Kikalia.

"Wa kahawia, kwato nyeupe," Tumpale alisema.

"Wangu," alijibu Nyanzobe.

Nikamwachia mtamba, nikamshika aliyefuata.