Nyumba Isiyokuwemo Kwenye Bima

Kila Oktoba, televisheni zinapoanza kuwapigia wazee kelele wabadilishe bima ya matibabu, Verna Hruska alikuwa akipanga chupa zote za dawa juu ya meza ya jikoni, zake upande huu, za mumewe Emil upande ule. Mimi nilikuwa jirani yao wa mlango wa pili, na kazi yangu ilikuwa kumsomea maandishi madogo. Bima hizo hubadilika kila mwaka. Dawa inayolipiwa mwaka huu, mwakani haimo. Daktari uliyemzoea, mwakani unaambiwa si wao tena. Mwaka mmoja walimwondolea Emil matone ya macho, na Verna akawatukana kwa Kislovaki, lugha ya mama yake, ambayo yeye aliitumia kwa mambo mawili tu, sala na matusi.

Hawakujaliwa watoto. Emil alikuwa amestaafu kutoka kiwanda cha chuma pale chini mtoni, na makelele ya kiwanda yalikuwa yamemmaliza masikio. Gari aliliacha macho yalipofifia. Bingo, mchezo wa namba wa kanisani, aliiacha pia, maana namba zilisomwa asizisikie, na watu wakicheka yeye akidhani wanamsema.

"Emil, kahawa!" Verna alikuwa akipaza sauti mpaka mimi nasikia ukutani kwangu.

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu! Nimesema kahawa!"

Tulicheka, lakini Verna aliniambia siku moja, anamenya viazi, "Darla, mwanangu, nimeolewa na mtu ambaye siku hizi namwona tu. Nikizungumza naye ni kama nazungumza na picha ukutani."

Ndiyo maana vuli ile walikwenda kumsikiliza wakala wa bima katika ukumbi wa kanisa, nami nikawapeleka. Alikuwa mtu mwenye tai ya zambarau, mchangamfu, amewawekea wazee keki ya maboga. Verna hakugusa keki kabla ya maswali yake. Daktari wangu yumo? Yumo. Dawa zetu zote? Zimo. Hospitali ya darajani? Imo.

"Na masikio ya mume wangu?"

"Yamo, mama. Yote mawili."

Ukumbi ukaangua kicheko. Wakajitoa, wote wawili, katika bima ya serikali waliyokuwa nayo, isiyolipia vifaa vya kusikia, wakaingia mpango mpya wa kampuni ya wakala ulioanza Januari.

Emil alipovishwa vile vifaa vya kusikia, alikuja kunigongea mlango bila koti, theluji inaanguka. "Darla! Kumbe friji yetu inanguruma! Tangu lini?" Nyuma yake Verna alikuwa amesimama barazani, mkono mdomoni. Baadaye alinilalamikia kwa kujidai, "Miaka yote nilikuwa namsema vibaya kwa raha zangu. Sasa itanibidi niwe na adabu." Wiki ile walirudi bingo. Niliwaona wakipita dirishani kwangu wameshikana mikono, Emil anaongea bila kupumzika.

Haikupita muda, Verna akateleza kwenye ngazi za nyuma, zimeganda barafu, akitoa takataka. Akavunjika nyonga. Hospitali ya darajani walimpasua vizuri, wakamtia chuma, wakasema sasa anahitaji wiki kadhaa za mazoezi katika nyumba ya uuguzi ili ajifunze kutembea upya.

Mtaani kwetu ipo nyumba ya namna hiyo, ya masista, inaitwa Mtakatifu Anna. Kila Alhamisi Verna alikuwa akienda pale kucheza karata na wagonjwa. Hata mama yake alifia pale, Verna ameketi pembeni. Kila mtu alijua atapelekwa huko. Ila bima mpya haikuwa na mkataba na Mtakatifu Anna. Nyumba iliyokuwa na mkataba nayo ilikuwa ng'ambo ya milima, zaidi ya saa mbili kwa gari. Wakala hakuulizwa habari za nyumba ya uuguzi, na yeye hakuitaja. Nani, akiwa mzima na mumewe yuko pembeni, anafikiria kuuliza hilo?

Emil alipiga simu kwa watu wa bima kutoka jikoni kwake. Nilikuwa nimekaa naye. Muziki ulicheza mpaka tukauchoka, kisha akaja mama mmoja mwenye sauti ya upole.

"Pole sana, bwana Hruska. Nyumba hiyo haimo kwenye mpango wetu."

"Mama, nikisimama hapa naiona dirishani."

"Naelewa, bwana."

"Naona moshi wake! Naweza kwenda na ndara!"

"Naelewa, bwana. Lakini haimo."

Emil akakata simu taratibu, bila kumtukana. Ingekuwa afadhali angemtukana.

Wakampeleka Verna kwa gari la wagonjwa, Emil amesimama kando ya barabara kofia mkononi. Mimi naendesha basi la shule, napata nafasi Jumamosi tu, na Jumamosi nyingi za baridi ile barabara ya milimani ilikuwa imefungwa. Tulifika mara moja. Verna alikuwa amepungua. Emil alimletea kabichi zilizofungwa nyama na wali, alizipika mwenyewe, zimeungua chini. Alizila zote.

"Nani kakufundisha kupika hivi?"

"Wewe."

"Usinisingizie."

Tulipokuwa tunaaga alimshika Emil ukosi, akamvuta akamwambia sikioni, bila kupaza sauti, "Nataka nyumbani, mzee wangu." Emil akalisikia kila neno.

Sista Benedikta wa Mtakatifu Anna ndiye aliyetuokoa, au tulidhani hivyo. Alimwambia Emil kwamba mpaka mwisho wa Machi mtu anaruhusiwa kutoka katika mpango kama ule na kurudi bima ya serikali, na akirudi, itaanza kazi mwezi mpya ukiingia. Bima ya serikali ilikubalika Mtakatifu Anna. Na kila mtu ana yake. Verna angeweza kutoka, Emil akabaki.

Walizungumza kwa simu jioni ile. Emil aliweka sauti kubwa ili nami nisikie.

"Kwa hiyo mimi narudi serikalini?"

"Ndiyo, mke wangu."

"Na wewe unabaki huko na masikio yako?"

"Ukitaka nayarudisha."

"Thubutu! Nani atanisikiliza nikija?"

Verna alijiondoa mwenyewe kwa simu, kitandani kwake. Mwezi mpya ukiingia angeletwa. Masista wakamtengea kitanda cha dirishani kinachoangalia nyumba yake mwenyewe. Emil akafua mapazia ya jikoni, eti Verna ataanza kuyachunguza kutoka kule.

Mwezi haujaisha, damu ilimganda Verna mguuni kwa kulala sana, ikapanda mapafuni. Ilikuwa asubuhi, baada ya wagonjwa wa kule kunywa chai. Nilimwona Emil kupitia dirishani amesimama na simu sikioni, halafu simu mkononi, halafu amekaa sakafuni. Nilikimbia bila viatu.

"Amekufa peke yake, Darla," alisema. "Nilikuwa hapa nasubiri tarehe."

Tulimzika juu ya kilima, ardhi imeganda mpaka wachimbaji walitumia mashine. Siku chache baadaye Emil aliniomba nimshike mkono mpaka Mtakatifu Anna, kwa ajili ya barafu. Kitanda kilikuwa bado kimetandikwa, blanketi la bluu. Mlangoni palikuwa na kadi yenye jina la Verna, herufi kubwa. Sista Benedikta alisema kwa aibu kwamba itabidi aitoe, kuna mgonjwa anakuja.

"Niache kidogo tu," Emil alisema.

Akaketi kwenye kiti cha wageni, koti hajavua. Mimi nilibaki kwenye korido. Akapita mhudumu mpya na toroli la chakula cha mchana, hajui lolote, akachungulia ndani kwa furaha.

"Habari za mchana, baba! Umekuja kumwona nani?"

"Verna," Emil akamjibu. "Nimekuja kumwona Verna."

"Haya, bila shaka yuko mazoezini. Atarudi sasa hivi." Akamwekea bakuli la supu mezani, akaendelea na toroli lake.