Maelezo Mafupi ya Mama

Kazi yangu ni kupanga kurasa za tovuti ya miongozo ya mashine za kufulia. Juu ya kila ukurasa najaza jina, tarehe na maelezo mafupi. Nikiacha maelezo wazi, kiolezo kinachojenga kurasa zote kinachomeka yake chenyewe: “Mwongozo wa kufua bila taabu.” Kiolezo hicho kinanikera hadi basi. Mchana ule kurasa mia mbili zilikuwa bado wazi, macho yakawa mazito, nikasinzia mezani.

Nikamwona mama anaelea taratibu kwenye skrini, mwepesi kama povu, na juu ya kichwa chake mistari yangu. Jina: Mama. Tarehe: leo. Maelezo: Mwongozo wa kufua bila taabu.

Nikazinduka nimefura. Bila taabu? Mama aliyetusomesha kwa kufua nguo za watu kwa mikono? Nikampigia hapo hapo.

“Mama, nikitaka kukueleza kwa sentensi moja, niandike nini?”



“Andika kwamba nilikupigia Jumapili, nikakupigia Jumanne, na leo asubuhi pia, hukupokea.”