Hakuna Aliyemwangusha Neville Ramsden

Tangu alipovaa jezi ya klabu ya raga ya Hollinthorpe akiwa kijana hadi alipoivua masharubu yakiwa na mvi, hakuna mwanadamu aliyewahi kumwangusha Neville Ramsden peke yake. Watatu, ndiyo. Wawili, kama siku hiyo alikuwa na mafua. Mmoja? Labda trekta.

Hayo aliyasema mwenyewe, na Jumanne ile aliyasema tena mbele ya timu ya wanawake ya klabu, mpira kwapani, suruali ya mazoezi imepandishwa hadi jirani na matiti. Kwenye dirisha la jiko la klabu mkewe Maureen alikuwa anasuuza vikombe. Alipoyasikia, akafungua bomba zaidi.

Neville alikuwa ameomba kazi ya kuwafundisha mafowadi, wale wanaobeba mpira wa raga na kwenda kujigonga kwenye ukuta wa wapinzani ili wenzao wapate sifa. Uongozi ulisema wachezaji wachague wenyewe, kila mwombaji apewe jioni moja. Wiki iliyopita alikuja kijana kutoka Leeds na kompyuta iliyojaa michoro. Leo ilikuwa zamu ya Neville. Mgodi alikokuwa akifanya kazi ulifungwa zamani, goti la kulia alibadilishiwa hospitali, na kazi yake kubwa siku hizi ilikuwa kugombana na televisheni. Aliitaka nafasi hii hadi jana yake akashindwa kumaliza pai, jambo ambalo Maureen alilihesabu kuwa ugonjwa.

"Hata mmoja, mzee?" akauliza Keeley Barraclough, nahodha, ambaye mchana huendesha gari la taka la manispaa.

"Hata mmoja, binti."

"Basi njoo nao huo mpira."

"Keeley!" Maureen akapiga kelele dirishani. "Goti hilo bado lina garanti!"

"Nisije nikakuumiza, mwanangu," Neville akasema.

"Ukiniumiza nitajipa pole mwenyewe."

Neville akakimbia. Heshima inatutaka tuseme alikimbia. Keeley akaja chini chini, bega likampata mapajani, mikono ikafunga, na Neville akaona mbingu, kisha taa ya uwanja, kisha majani ambayo hakuwa ameyaona kwa ukaribu ule miaka mingi.

Dada mmoja akajiziba mdomo kwa jezi. Neville akajua kazi imeshakwenda Leeds.

Ila mwili wake ulikuwa haujapewa taarifa. Ulitua kwa viwiko na magoti, na kabla aibu haijafika ulishasimama, umemtazama Keeley usoni, umeweka mpira chini na kuuviringisha nyuma kwa soli ya kiatu, kama inavyotakiwa katika raga yao kila mtu anapoangushwa, ili mwenzake auokote mchezo uendelee. Mpira ukaviringika, ukasimama peke yake kwenye majani.

"Mko wapi?" Neville akageuka akinguruma. "Mwenzenu kaamka, wa kuokota nani? Mnasubiri basi?"

Keeley alikuwa bado amepiga magoti. "Umeamkaje?"

"Nani?"

"Wewe! Mimi niliyekuangusha sijaamka."

Na huo ndio uliokuwa ugonjwa wao msimu mzima. Wakiangushwa walilala pale kama wanaosikiliza ardhi inasema nini. Wakija kuinuka, wapinzani wameshajipanga na chai wamekunywa.

Neville akasahau kuona haya. "Ukishikwa, usifike chini kwa tumbo! Tafuta magoti na viwiko. Tumbo likigusa majani umeshalala, na ukilala utaanza kufikiria mambo ya nyumbani. Haya, Keeley, niangushe tena waone."

Keeley akamwangusha. Wenzake wakamwangusha. Wengine aliwaomba mwenyewe. Kufikia mwisho wa mazoezi, mpira ulikuwa unarudi nyuma kabla mkabaji hajanyoosha mgongo.

Wakajitenga kushauriana. Neville akajifanya anafunga kamba za viatu, na kwa goti lile alipata kazi ya kutosha. Keeley akarudi.

"Tumekuchagua. Lakini kuna sharti."

"Sema."

"Ile hadithi yako uiache. Nikiangushwa Jumapili nzima, nataka kocha anayejua chini kukoje. Tukikusikia tena unawadanganya watu, tunampigia yule wa Leeds."

"Nimeiacha," Neville akasema haraka, asije akalia mbele yao.

Jumamosi wachezaji wa zamani walikusanyika klabuni kwa pai na njegere za kuponda. Alf Sugden, aliyecheza naye bega kwa bega, akaona kiwiko cha Neville kimevilia damu.

"Nini hicho, Nev? Umeteleza bafuni?"

Neville akajizuia. Kweli alijizuia, akajaza njegere mdomoni.

"Au Maureen kakusukuma?"

Meza nzima ikacheka. Neville akameza.

"Walinivamia watatu," akasema. "Watatu kwa mpigo, na wa nne akaja kwa mbio kutoka..."

Kidirisha cha jiko kikafunguka. "Neville," akasema Maureen, upawa wa mchuzi mkononi, "nilikuwa dirishani."

Kwenye foleni ya pai, Keeley alishatoa simu mfukoni. Mkono wa pili ulikuwa umeinua kidole kimoja.

"Mmoja," Neville akaziambia njegere zake.

"Sijasikia, kocha."