Hotuba ya Uimara

Nyumbani namwita shemeji, maana kamuoa dada yangu. Kazini alinikataza, huko yeye ni Daktari, na mimi ni wa kufagia maabara na kupangusa vioo.

Kazi yao ni kupaka vioo utando mweusi wa perovskiti, kitu kinachogeuza mwanga kuwa umeme. Jina lake refu kuliko maisha yake. Ukiguswa na unyevu tu, utando unageuka manjano na umeme kwaheri. Ndiyo maana wanautengeneza ndani ya sanduku lililofungwa, mikono wameitia kwenye glavu ndefu kama wakunga.

Siku moja wakubwa walikuja kuchagua mkuu mpya wa maabara. Walioutaka ukuu ni wawili: shemeji, na mzee mmoja mpole tuliyemwita Gundi, kwa kuwa miaka yote alihangaika kuziba kingo za vioo vyake unyevu usipenye. Kioo cha Gundi kilifunikwa, kikazibwa pande zote, kikatoa umeme wa wastani. Cha shemeji kilikuwa wazi. Kifuniko kingemlia asilimia moja ya umeme, na asilimia hiyo aliipenda kuliko ndugu wa mkewe.

"Kifunike, Daktari," Gundi alimwambia. "Nje mvua."

"Nani kakwambia bibi harusi anavalishwa gunia?"

Watu wakacheka, na Gundi mwenyewe akacheka.

Wageni waliingia na miamvuli inayochuruzika, nami nyuma yao na tambara. Mapazia yakafungwa, vioo vikawekwa chini ya taa moja kali, kila kimoja kikizungusha feni yake ndogo. Feni ya shemeji ilipeperusha karatasi za mgeni mkuu. Ya Gundi ilizunguka kama imeamshwa usingizini. Mashine ikasoma asilimia ya shemeji, makofi yakalia, naye akasimama kutoa hotuba. Mada: uimara.

Alianzia mbali. Alipofika kwenye teknolojia itakayodumu vizazi na vizazi, kona ya kioo chake ilishaota manjano. Nikamkoholea. Akanikata jicho. Nikakohoa tena, akaniomba, kwa ile adabu ya mbele za watu, nikanywe maji. Alipokuwa anawashukuru walimu wake, feni ikasimama. Ule ukimya yeye alidhani ni usikivu.

Ya Gundi bado inazunguka.

Mgeni mkuu aliitazama iliyosimama, akauliza kama ile asilimia ya mwanzo imeandikwa. Akaambiwa imeandikwa.

"Basi namba ni namba," akasema, na shemeji akapewa ukuu.

Amri yake ya kwanza ilitoka kabla wageni hawajamaliza soda: kuanzia sasa, hotuba ziishe kwanza ndipo kioo kitolewe sandukuni. Ya pili, feni ya Gundi inyamazishwe, inawasumbua wageni. Gundi akavuta waya, ukagoma, maana hata huo aliuziba kwa gundi. Tukaishia kuzima taa, na mkuu mpya akamalizia kupokea pongezi zake gizani.