Mvunjaji wa Pampu ya Shemeji

Nilikuwa nimelala kifudifudi chini ya meza ya majaribio, sikio langu karibu kabisa na pampu, nikiisikiliza. Pampu yenye kasoro hukwambia yenyewe ukiipa muda. Bushi iliyolegea hugonga, shafti iliyopinda hunguruma kwa vipindi, sili mbovu inayovujisha maji hupiga mluzi. Hii haikusema kitu. Ilikuwa ikivuta maji kutoka tangi la chini na kuyapandisha juu, taratibu, kama mtu asiye na mgeni wa kumkimbilia.

"Imesemaje?" aliuliza Msumari, fundi wa zamu, kutoka upande wa pili wa meza. Tunamwita hivyo kwa wembamba wake na upana wa kichwa.

"Imenisalimia."

"Basi itikia. Usije ukaambiwa huna adabu kwa pampu ya shemeji yako."

Tangu asubuhi nilikuwa nimemwaga mchanga ndani ya maji, haikukwama. Nililegeza boliti za msingi ili itikisike. Ikatikisika na kuendelea na kazi. Nilipunguza umeme, nikaupandisha ghafla. Ikayumba kidogo, ikakaa sawa. Ilikuwa pampu nzuri. Ninalisema hili mapema, maana mtu mwenye kisasi hasadikiwi hata akisema kweli, na mimi kisasi nilikuwa nacho.

Kiwandani kwetu hakuna mashine mpya inayoingia kwenye uzalishaji bila kupita mikononi mwa mvunjaji. Mvunjaji hapatikani kwa kura wala kwa cheo. Ni yule mhandisi ambaye mashine yake ndiyo iliyokataliwa mara ya mwisho. Aliyeanzisha kiwanda alisema hakuna anayetafuta ufa kwa bidii kama mtu mwenye donge moyoni. Mvunjaji akiivunja mashine kwa majaribio yaliyomo katika utaratibu, kamati inaikataa. Ikimshinda, inapita.

Safari iliyopita mashine ilikuwa yangu na mvunjaji alikuwa shemeji, mume wa dada yangu. Pampu yangu ilipita kila jaribio. Siku ya kamati, wakati wajumbe wamekwisha kuanza kupeana mikono, shemeji akaenda kwenye koki ya tangi akafunga maji, akaiacha pampu izunguke kavu. Jaribio hilo halikuwepo katika utaratibu. Hakuna pampu ya aina ile inayoweza kulistahimili, kwa sababu maji ndiyo yanayopoza sili zake. Ni sawa na kumziba mtu pua kisha umlaumu kwa kufa. Moshi ulipotoka akawageukia wajumbe, akasema kwa upole, "Huko inakokwenda, visima hukauka." Kamati ikampigia makofi. Pampu yangu ikakataliwa, jaribio la kukausha likaingizwa katika utaratibu, na yeye akapewa idara ya mashine mpya.

Alipokaa kwenye kiti hicho alisimamisha michoro ya wenzake wote, akaweka watu na vifaa vyote kwenye pampu yake hii moja. Uamuzi ulikuwa wake peke yake. Pampu ikikataliwa, kiti hakina miguu tena. Kila mtu karakana nzima alilijua hilo. Na kila mtu alijua limebaki jaribio moja.

Simu ikaita. Dada.

"Mdogo wangu, uko wapi?"

"Kazini, dada."

"Shemeji yako jana hakula. Amekaa anaitazama sahani kama gazeti."

"Sahani yenyewe ilikuwa na habari gani?"

"Usinitanie! Ukimwangusha huyo, unaniangusha na mimi. Nyumba ni moja."

"Na siku aliponiangusha mimi, dada, ulikuwa nyumba gani?"

Nilisikia maji yakitiririka kwake, labda alikuwa anaosha vyombo. "Alisema ilikuwa kazi tu," akasema.

"Na mimi niko kazini."

Sikumkatia simu. Nilisubiri aseme la mwisho, maana ni mkubwa wangu. Akasema, "Haya," akakata mwenyewe.

Shemeji alikuja mchana, shati limepigwa pasi vizuri, kalamu mfukoni. Msumari akamsogezea stuli kisha akajifanya anatafuta spana kwenye droo iliyo karibu nasi, droo ambayo sote tunajua haina spana.

"Shem," alisema shemeji, "mchanga?"

"Imepita."

"Mtikisiko? Umeme?"

"Imepita, shem. Umeunda kitu kizuri. Nitawaambia hivyo hivyo."

Akavuta pumzi. "Basi tumemaliza."

"Bado kukausha."

Akacheka, kicheko cha pua. "Aa, shem. Lile tuliache. Wewe ni mhandisi, unajua lile si jaribio. Hakuna pampu ya aina hii inayopita pale."

"Rudia."

"Nini?"

"Hayo uliyosema. Msumari hakusikia vizuri."

"Nimesikia," alisema Msumari ndani ya droo. "Lakini si vibaya nikisikia tena. Mkuki kwa nguruwe mtamu."

"Wewe tafuta spana!" Shemeji alinigeukia, sauti chini. "Unataka nini?"

Nilikuwa nimelifikiria jibu hilo kwa muda mrefu, nikilipunguza maneno mpaka likabaki dogo. "Kesho kamati ikikaa, simama uwaambie jaribio la kukausha halifai, na kwamba ulilijua halifai siku ulipoifungia maji pampu yangu. Wakilifuta, pampu yako imepita. Mimi mwenyewe nitaipigia makofi."

"Nikisema hivyo wataniuliza nafanya nini kwenye kiti hiki."

"Watakuuliza, ndiyo."

"Na nisiposema?"

"Utaratibu ni wako, shem. Mimi nitaufuata neno kwa neno."

Akaitazama pampu. Niliona anavyoitazama, mimi pia niliwahi kuitazama yangu hivyo. Kwa muda mfupi nilidhani atakubali, na sijui kama nilitaka akubali. Kisha uso wake ukafungika.

"Iache iungue," alisema. "Afadhali iungue. Sitasimama mbele ya watu niombe radhi kwa mdogo wa mke wangu." Akanyoosha mkono kwenye koki. "Tena tufunge sasa hivi, tumalizane."

Nikauweka mkono wangu juu ya wake.

"Si leo. Kesho, mbele ya kamati. Na utafunga wewe, shem, kwa mkono huu huu. Mvunjaji anaamuru tu. Hakuna palipoandikwa kwamba ni lazima ashike koki. Utafunga, kisha utasimama papa hapa uisikilize mpaka iishe kulia."

"Una roho mbaya," alisema polepole, kama mtu anayegundua chumba kipya nyumbani kwake. "Na watu wanakuita Mpole."

"Hawakosei. Sijapandisha sauti hata mara moja."

Aliondoka bila kuaga. Msumari akafunga droo.

"Usiku atabadili mawazo?" aliuliza.

"Huenda."

"Na akibadili, utafurahi?"

Nilizima mota, nikaizungushia koki waya ikiwa wazi, pasiwe na mtu wa kuifunga kabla ya wakati. Nikayatoa maji yenye mchanga, nikasafisha tangi kwa brashi, nikaweka mpira wa maji na kuanza kulijaza maji safi. Bomba lilikuwa dhaifu. Kengele ya kutoka ililia tangi likiwa halijafika nusu. Nikafunga bomba, yaliyobaki nitayajaza asubuhi, kabla wajumbe hawajaingia. Nilitaka lijae hadi ukingoni. Nilitaka kila mmoja wao aone kwamba maji yalikuwepo.